Halloween bila kujaza jaa: boga, vazi na pipi

Tarehe 31 Oktoba, jua likishazama, watoto wa Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland hutoka wamevaa kama mizimu, wachawi na popo, wakagonga mlango baada ya mlango kudai pipi. Familia za Waswahili zilizohamia huko hujikuta ndani ya shughuli hii hata kama hazikuipanga: mwalimu ameshatuma barua, jirani ameshatundika mifupa ya plastiki barazani, na mtoto hataki awe peke yake asiye na vazi. Mzazi akishaamua kwamba watoto watashiriki, linalobaki ni kushiriki bila kufurisha mapipa ya taka. Matembezi yenyewe huchukua saa mbili au tatu tu.

Hesabu ianzie mwisho. Kabla hujalipia chochote, jiulize kitalala wapi usiku wa tarehe 1 Novemba. Kama ni kabatini kungoja mwakani, tumboni, au kwenye mboji, kinunue. Kama ni pipani, kirudishe rafuni. Na kama tayari unayo mapambo ya plastiki ya miaka iliyopita, yatumie hadi yachakae. Kuyatupa ili ununue yanayoitwa rafiki wa mazingira ni kuongeza taka.

Boga: chagua ukijua litaishia wapi

Desturi ya kuchonga sura na kuitia taa ilianzia kwa Wairish na Waskoti, na wao walichonga tanipu, mzizi mgumu wa mviringo mfano wa kiazi. Waliohamia Marekani wakayakuta maboga, makubwa na mepesi kuchimba. Aliyewahi kuchimba tanipu kwa kijiko hatashangaa kwa nini waliiacha.

Madukani huko utakuta maboga ya namna mbili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu mapishi. Yale makubwa ya kuchonga, kama aina ya Howden, yana nyuzi nyingi, maji mengi na ladha hafifu, maana yamechaguliwa kwa umbo na kikonyo kizuri. Madogo ya mviringo, ya kilo 1 hadi 3, yanayouzwa kama maboga ya pai au ya sukari, nyama yake imeshikana na ina utamu. Hayo ndiyo yanayolikaribia boga letu la kupikwa kwa tui.

Ushauri wetu wa kwanza utawaudhi watoto kidogo: usilichonge. Chukua boga la sukari, lioshe, likauke, kisha mwache mtoto achore sura kwa chaki au kipande cha mkaa. Boga zima lenye kikonyo, likikaa mahali pakavu penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, hudumu mwezi na zaidi, kwa hiyo sherehe ikipita unalifuta kwa kitambaa chenye maji na kulipika. Usilibebe kwa kikonyo, kwani kikikatika pale ndipo uozo unapoingilia. Na usiku wa barafu liingize ndani: maji yaliyomo yakiganda hupasua nyama yake, na asubuhi linapoyeyuka hulegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Rangi za akriliki ziepuke, maana zikikauka ni utando wa plastiki. Boga lililopakwa hizo lazima limenywe kabla ya kuwekwa kwenye mboji.

Kama lazima lichongwe

Chonga tarehe 29 au 30, si mapema zaidi. Boga lililokatwa hukaa siku tatu hadi tano kwenye hali ya ubaridi. Texas au Florida, ambako Oktoba bado kuna joto, siku mbili zikipita limeshaanza kuota ukungu. Wengi huchonga wiki nzima kabla, likaoza, wakanunua la pili. Hapo taka zimeshakuwa mara mbili.

1. Osha boga kwa maji na sabuni kidogo, ulikaushe vizuri. Vijidudu vya ukungu viko juu ya ganda, na kisu ndicho kinachoviingiza ndani.

2. Kata kifuniko kuzunguka kikonyo huku kisu kimelala kuelekea katikati. Ukikata wima, kifuniko kitatumbukia ndani boga likinywea. Kama utatumia taa ya umeme, ni bora zaidi ukate tundu nyuma au chini na kuacha sehemu ya juu ikiwa nzima.

3. Toa mbegu na nyuzi zote kwa kijiko cha chuma, uziweke kwenye bakuli. Nyuzi zinazobaki ndizo za kwanza kuoza.

4. Kwangua ukuta wa mbele ubaki na unene wa sentimita 2 hadi 3. Ukiwa mnene zaidi mwanga hautoki vizuri, ukiwa mwembamba zaidi sura inajikunja siku ya pili. Unachokikwangua ni chakula: kitie kwenye friji siku hiyohiyo na ukipike ndani ya siku tatu.

5. Chora sura kwa chaki, kisha kata kwa kisu chembamba chenye meno, ukianza na matundu madogo ya katikati na kumaliza na mdomo. Ukianza na mdomo, ukuta unakosa nguvu na macho yatapasuka. Kisu ashike mtu mzima. Mtoto achore na kuchimba mbegu.

6. Nyunyizia siki nyeupe kwenye kingo zote zilizokatwa, uache zikauke. Siki huchelewesha ukungu kwa kiasi.

Watu wengine hulizamisha boga kwenye maji yenye jiki, au hupaka kingo mafuta ya mgando. Jiki hufanya kazi, lakini boga hilo halifai tena kwa mtu wala mnyama. Mafuta ya mgando yametokana na petroli, na huwaka yakikaribiana na mshumaa. Boga likisinyaa kabla ya siku yake, lizamishe kwenye maji baridi saa chache: hunyonya maji na kujaa tena, ingawa ni mara moja tu.

Taa ni jambo ambalo watu hulichukulia kirahisi. Vile vishumaa vya plastiki vyenye betri bapa kama za saa vinaonekana salama, ila ni plastiki isiyofunguka na betri ambayo haitakiwi pipani. Mtoto akiimeza betri hiyo humchoma koo ndani ya muda mfupi sana. Tumia tochi ndogo au taa ya baiskeli ya kuchaji, ndani ya chupa ya jamu. Ukipenda mwanga wa moto, chukua mshumaa wa nta ya nyuki au wa soya, uuweke ndani ya chupa ya kioo, utoboe kifuniko cha boga moshi utoke, na boga likae mbali na majani makavu na njia wanayopita watoto wenye mavazi marefu.

Mbegu na nyama

Mbegu usizitupe. Zioshe, uzichemshe dakika 10 kwenye maji yenye chumvi (kijiko kimoja kidogo kwa kila vikombe viwili vya maji), uzichuje, uzikaushe kwa taulo. Changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwa kila kikombe cha mbegu, uzitandaze safu moja kwenye trei, uzioke kwa nyuzi 165 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi, ukizigeuza mara mbili. Zikitoka zimelainika badala ya kukatika mdomoni, hukuzikausha vya kutosha au umezirundika. Zikiungua nje na ndani mbichi, oveni ilikuwa kali mno.

Boga la nazi: chukua kilo moja ya boga la sukari, katakata vipande vya sentimita 5 pamoja na ganda. Chukua kopo moja la tui la mililita 400. Nusu yake changanya na kikombe cha maji, mimina juu ya boga, weka chumvi kidogo, sukari vijiko vikubwa viwili au vitatu na hiliki tatu zilizopondwa. Funika, chemsha kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20 mpaka uma uingie. Kisha mimina tui zito lililobaki, acha wazi, moto mdogo, dakika 5, ukizungusha sufuria badala ya kukoroga. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika. Ukitumia boga la kuchonga kwa pishi hili utapata maji ya rangi ya chungwa. Nyama ya boga hilo ioke kwanza kwenye oveni dakika 40 ipunguze maji, kisha isage iwe supu ya tangawizi na vitunguu.

Boga lililokaa nje limechongwa, lenye moshi na masizi ndani, halirudi jikoni. Hilo ni la mboji.

Tarehe 1 Novemba: boga liende wapi

Boga likifukiwa dampo chini ya taka nyingine huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani kwa nguvu kuliko kaboni dayoksaidi. Likioza kwenye mboji yenye hewa, gesi hiyo karibu haitoki. Kwa hiyo kazi ni kulifikisha mahali penye hewa.

Kama mji wako una pipa la mabaki ya chakula, kama Toronto, Seattle na San Francisco, kazi imekwisha: toa mshumaa, waya na stika, litie humo. Vermont imepiga marufuku kutupa mabaki ya chakula pamoja na taka nyingine tangu Julai 2020. Huko Illinois, jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha maboga, miji kadhaa hufanya siku ya kuponda maboga Jumamosi inayofuata Halloween: watu huyarusha na kuyavunjavunja, kisha yanapelekwa kwenye mboji. Watoto huipenda kuliko Halloween yenyewe.

Ukitengeneza mboji nyumbani, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya boga ni maji. Ukilitupa zima juu ya lundo, litakuwa ute unaonuka. Livunje kwa sepetu vipande vya upana wa kiganja, na kwa kila ndoo ya boga weka ndoo tatu za majani makavu, ambayo Novemba yamejaa kila uwanja. Funika juu kwa majani ili panya na kindi wasivutwe. Lundo likinuka, ongeza majani na uligeuze. Usipokuwa na lundo, chimba shimo la sentimita 30 pembeni mwa bustani, tia vipande, fukia, na usahau hadi majira ya kuchipua.

Usilipeleke msituni ukidhani unawalisha wanyama. Mashirika ya misitu na wanyama ya Uingereza huonya kila mwaka juu ya hili: boga jingi humharisha karunguyeye wakati ule anapojikusanyia mafuta ya kulala msimu wa baridi. Marekani nako, majimbo mengi yanakataza au yanabana kulisha kulungu, kwa sababu kuwakusanya mahali pamoja hueneza ugonjwa wao wa kukonda. Kuku na nguruwe hula boga bila shida, lakini angalia sheria ya ulipo. Uingereza ni kosa kuwalisha kuku au nguruwe mabaki yaliyopita jikoni, hata kuku watatu wa uwani, na boga lililochongwa juu ya meza ya jikoni limeshapita jikoni. Likate nje.

Vazi

Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Hubbub na Fairyland Trust, yalikagua nguo 324 za Halloween kutoka kwa wauzaji 19, yakakuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki itokanayo na mafuta, hasa poliesta. Vazi la aina hiyo hushonwa kwa nyuzi chache na huvaliwa mara moja.

Hapa Waswahili tunao mtaji: tunajua mitumba. Nenda maduka ya mitumba kama Goodwill au Value Village, Uingereza nenda maduka ya hisani, mapema mwezi wa Oktoba, na usiende upande wa Halloween. Nenda kwenye koti kuukuu, gauni refu jeusi, shati la bwana mkubwa. Vazi la kujitungia hutoka humo, na baadaye lile koti linabaki koti.

Joho la mchawi au la popo halihitaji cherehani. Kaniki moja inatosha. Kunja ukingo mmoja mrefu sentimita 4, piga jongo kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, pitisha utepe, vuta mikunjo hadi ienee mabega ya mtoto. Utepe usifungwe fundo gumu shingoni. Ushonee vishikizo viwili vya kubana ambavyo vitaachia joho likinaswa na mlango. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu, na pindo lipigwe mishono mirefu ili lifumuliwe mwakani. Bado kaniki ni pamba, na pamba hushika moto haraka, kwa hiyo mafunzo ya kukaa mbali na mishumaa hayana mbadala.

Kosa tunaloliona kila mwaka ni la ukubwa. Usiku wa mwisho wa Oktoba huko Toronto au Minneapolis ni baridi ya koti. Vazi likimbana mtoto, koti litavaliwa juu yake na hakuna atakayeliona. Lipime akiwa na koti ndani.

Vinyago vya mpira vinaziba macho na ni vigumu kurejelezwa. Rangi ya uso inatosha. Changanya vijiko vikubwa viwili vya wanga wa mahindi na kimoja cha losheni isiyo na manukato, ongeza maji matone machache hadi iwe kama uji mzito. Hiyo ni nyeupe. Unga wa kakao hutoa kahawia, juisi ya kiazisukari chekundu (bitiruti) hutoa nyekundu. Ijaribu mkononi siku moja kabla. Bizari ya manjano iache, maana mtoto ataingia darasani Jumatatu bado wa njano. Wanja wa manga nao usitumie kuchorea masharubu ya paka: wanja wa namna hiyo mara nyingi una madini ya risasi. Na vile vimetameta vya kunyunyiza, ambavyo ni plastiki, Umoja wa Ulaya ulianza kuvizuia tarehe 17 Oktoba 2023. Popote ulipo, viache.

Pipi

Hapa ndipo nia njema hugonga mwamba. Ganda la pipi ni plastiki nyembamba, mara nyingi imeunganishwa na tabaka la alumini, na mashine za kuchambua taka haziwezi kuitenganisha. Linapotiwa kwenye pipa la kurejelezwa huharibu vilivyomo. Jibu la haraka lingekuwa kutoa kashata au visheti vya nyumbani bila ganda, lakini usifanye hivyo kwa watoto usiowajua. Wazazi wa huko hutupa chochote kisichofungwa kiwandani, na jasho lako litaishia pipani. Kashata wape watoto wa jamaa na majirani wanaokufahamu.

Kwa wengine, nunua pipi zilizo ndani ya viboksi vya karatasi, au chokoleti zilizofungwa kwa karatasi ya alumini pekee. Alumini hiyo ikikusanywa na kukunjwa donge kubwa kama ngumi, miji mingi huipokea. Vipande vidogo hupotea kwenye mashine. Ukinunua kwa wingi, soma kama kila kipande ndani ya boksi hakina tena ganda lake. Mpe kila mtoto kimoja kwa mkono wako mwenyewe. Bakuli likiachwa mlangoni huisha kwa watoto watano. Na nunua aina ambayo nyumbani kwako inaliwa, kwa sababu zitabaki.

Marekani boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani mlangoni ni alama kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Mpango huo unaendeshwa na FARE, shirika linaloshughulikia mzio wa chakula. Ni wazo jema linaloharibiwa na pete na buibui wa plastiki. Weka penseli za mbao, krayoni moja moja au pakiti za mbegu za maua.

Mtoto apewe foronya ya kubebea, au kikapu cha ukindu kama kipo. Kindoo cha plastiki chenye sura ya boga hakina kazi nyingine. Mtembee kwa miguu mtaa wenu. Kuendesha gari hadi mtaa wa matajiri kwa sababu wanagawa chokoleti kubwa ni jambo la kawaida huko, na ndilo linalofuta faida yote ya foronya.

Mapambo

Utando wa buibui wa pamba bandia usiutundike nje hata kidogo. Ndege wadogo, popo na nyuki hunasa humo, na mvua ikinyesha huwezi tena kuubandua mtini. Ndani ya nyumba, tumia uzi mnene wa pamba, usukwe dirishani, kisha uzongwe tena kwenye kijiti.

Popo kata kutoka boksi la nafaka za asubuhi, sentimita 20 kutoka bawa hadi bawa, mkunjo katikati, paka masizi au rangi ya maji nyeusi, ning'iniza kwa uzi. Mzimu ni shuka kuukuu juu ya fimbo. Mabua ya mahindi na matita ya majani makavu baadaye hutandazwa bustanini kuzuia magugu. Masanamu ya kupuliza yana feni inayozunguka muda wote yanaposimama; kama unalo tayari, liwekee kipima muda lizime saa tatu usiku.

Vinavyohifadhiwa viingie boksi moja, kila vazi na karatasi yenye kipimo cha mtoto, ili mwakani uchukue la kaka umpe mdogo wake.

Mwezi wa Mei usishangae miche ya maboga ikichomoza pale ulipofukia vipande. Iache miwili. Majani machanga ni msusa kama ule wa nyumbani, yachume kabla hayajawa na miiba migumu, uyamenye nyuzi na kuyaunga kwa nazi. Matunda yake yaonje kwanza, kwa kuwa yanaweza kuwa yamechanganyika na vibuyu vya mapambo. Tunda likiwa chungu, liteme na ulirudishe kwenye mboji.